Sketi ya sufu: ijue kabla hujaipigia picha

Somo hili ni la wanaouza nguo za mtumba mtandaoni, hasa sisi wenye wateja mikoa ya baridi. Shika kalamu, katikati kuna hesabu.

Mwaka jana mwezi wa sita nilifungua belo la sketi nzito za kike. Niko Njombe, na mwezi wa sita huku hauhitaji maelezo. Nikapiga picha, nikaandika "sketi kali za baridi, bei poa", nikaweka status. Mwalimu mmoja wa Makete akachukua moja ya drafti. Akaniuliza, "Dada, hii inafuliwaje?" Nikamjibu haraka haraka, "Kawaida tu mwalimu, kama nguo nyingine."

Wiki mbili baadaye akanitumia picha. Alikuwa ameiloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, akaisugua vizuri kama mtu anayejali nguo yake. Sketi ilikuwa imenywea, nene kama blanketi, inamtosha binti yake wa darasa la nne. Aliandika mstari mmoja tu: "Nilinunua yangu, nimepata ya mtoto." Nilimrudishia hela. Lakini walimu wenzake wanne waliokuwa wanasubiri kuagiza wakanyamaza. Hapo ndo nikaelewa kuwa nauza kitu nisichokijua.

Nilichojifunza ndiyo hiki.

1. SUFU NI NINI

Sufu ni manyoya ya kondoo. Usichanganye na sufi, ile ya kujazia mito, inayotoka kwenye mti. Wateja wengi wanachanganya, na wauzaji pia.

Unyoya wa kondoo haujanyooka, umejikunjakunja. Katikati ya mikunjo hiyo hewa inabaki, na hewa hiyo ndiyo inayokukinga. Sketi yenyewe haitengenezi joto, inazuia joto la mwili wako lisitoke. Halafu sufu inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa. Kwa anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu, hiyo ni sababu tosha ya kununua.

Sasa sikia kilichomkuta mwalimu. Kila unyoya una magamba madogo sana kwa nje. Ukiweka maji ya moto, sabuni na kusugua, magamba yanashikana na hayaachiani tena. Nguo inanywea, inakuwa nene, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo nguo haikuwa mbovu. Jibu langu ndilo lililokuwa bovu.

2. HISTORIA YA UNACHOKITOA KWENYE BELO

Sketi nyingi za aina hii zina asili ya Uingereza na Uskoti. Sufu iliwatajirisha watu kule kiasi kwamba tangu karne ya 14 kiti rasmi kwenye Bunge la Mabwana jijini London ni mto mkubwa uliojazwa sufu. Mpaka leo anayeongoza kikao hicho anaukalia.

Sketi ya marinda ya drafti. Hii ilianza kwa wanaume! Ni kilti, vazi la wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti. Mwaka 1746, baada ya uasi, serikali ya Uingereza iliwapiga marufuku kuvaa mavazi yao hayo. Sheria ikafutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George IV alitembelea Edinburgh akiwa amevaa kilti, na vazi lililokuwa limekatazwa likawa fasheni. Baadaye Malkia Victoria naye alizipenda sana drafti za Kiskoti, na zikajaa kwenye nguo za kike. Ukikuta sketi inayojifunga kwa mbele, ina vikanda vya ngozi pembeni na pini kubwa, mama yake ndiyo huyo.

Sketi ya twidi. Kitambaa kizito chenye nyuzi za rangi nyingi zilizochanganyika, kahawia, kijani, kijivu. Maarufu zaidi ni Harris Tweed, kinachofumwa kwa mkono majumbani mwa watu kwenye visiwa vya magharibi ya Uskoti. Miaka ya 1840 mama mmoja wa ukoo wa kitajiri, Lady Dunmore, ndiye aliyewatafutia wafumaji hao wateja wenye pesa huko nje ya kisiwa. Unaona? Wafumaji walikuwepo siku zote, walichokosa ni mtu wa kuwaunganisha na soko. Tangu 1993 kuna sheria kabisa inayolinda jina hilo. Ukikuta lebo yenye mchoro wa duara na msalaba juu yake na jina hilo, usiiuze bei ya kutupa.

Sketi ya marinda mengi, pana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nguo Uingereza zilitolewa kwa kuponi kuanzia mwaka 1941. Mwaka 1942 serikali ikaweka kikomo hata kwa idadi ya marinda, kwa sababu rinda linakula kitambaa. Vita ilipoisha, Februari 1947, Christian Dior akaonyesha Paris sketi pana nyeusi ya sufu yenye marinda kibao. Wengine walikasirika kuona kitambaa kinatumika hivyo, wengine walifurahi kuona dhiki imeisha. Waingereza wenyewe walikaa na kuponi mpaka 1949. Kwa hiyo mteja akikuuliza kwa nini ya marinda ni ghali kuliko ya kubana, jibu unalo: ihesabu mita.

3. PIMA, USIKISIE

Anza na lebo ya ndani. "Wool" ni Kiingereza, "laine" Kifaransa, "lana" Kiitaliano na Kihispania, "Wolle" au "Schurwolle" Kijerumani. Zote ni sufu. Ukiona "acrylic" au "polyester" hiyo ni ya kiwandani. Inaweza kuwa nzuri na ikatia joto, ila siyo sufu, na ukiandika sufu unamdanganya mtu.

Kama lebo imekatwa, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye mshono wa ndani, zishike kwa kibano, ziwashie kiberiti mbali na nguo. Sufu inaungua taratibu, inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika vidoleni. Za kiwandani zinayeyuka na kuacha punje ngumu. Zikiwa mchanganyiko utaona dalili zote mbili, basi andika "mchanganyiko".

4. HESABU ILIYONIUMIZA

Belo linauzwa kwa uzito, na sufu ni nzito. Belo langu la kilo 45 la sketi nyepesi lilitoa sketi 195. Lile la sketi nzito, bei ileile ya 390,000, lilitoa sketi 78.

Nyepesi: 390,000 gawanya kwa 195 ni 2,000 kwa moja.
Nzito: 390,000 gawanya kwa 78 ni 5,000 kwa moja.

Mimi zote nilikuwa nauza 6,000. Ya kwanza inaniachia 4,000, ya pili inaniachia 1,000 kabla ya nauli na bando. Nilikuwa nashangaa mzigo unaisha haraka na mtaji nao unaisha. Kumbe wateja walikuwa wanaijua sufu kuliko mimi.

5. ANDIKA TANGAZO LINALOJIBU

Siku hizi naandika hivi:

"Sketi ya sufu, marinda, drafti nyekundu na kijani. Lebo inasema sufu asilimia 100. Kiuno inchi 30, hipsi inchi 40, urefu inchi 27. Ina bitana, haiwashi. Pini yake haipo. Kuna tundu dogo la nondo nyuma karibu na pindo, angalia picha ya tatu. Bei 18,000."

Kasoro naitaja mwenyewe kabla hajaiona. Na kila sketi inatoka na karatasi ndogo ya matunzo:

- Maji baridi, sabuni laini. Hata shampuu inafaa, kwani hayo ni manyoya.
- Usisugue, usikamue. Izungushie taulo, ikandamize.
- Anika kivulini, ikiwa imelazwa.
- Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiweke kabisa, inakula sufu.
- Pasi ipite juu ya kitambaa chenye unyevu.
- Kabla ya kuhifadhi, ifue kwanza, ikauke, funga kwenye mfuko. Nondo wanapenda sufu chafu zaidi.

Mwaka huu mwezi wa tano nilimtumia yule mwalimu karatasi hiyo, bila kumuuzia chochote. Nikamwambia, "Mwalimu, hili ndilo jibu nililopaswa kukupa mwaka jana." Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu akaandika, "Drafti ya kijani ipo?" Nikamtumia picha ya lebo kwanza, ndipo nikatuma ya sketi.

Wale wanne bado hawajarudi. Nawasubiri.

Zoezi lako la leo: chukua nguo tano kwenye stoo yako, soma lebo zake, andika tangazo upya. Umekuta lebo ya lugha usiyoijua? Piga picha, weka hapo chini, tusaidiane.