Vipi simu zetu hazichanganyiki hewani?



Jumamosi iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, hapa Ibra watu wote wanapiga simu wakati mmoja, na hewa ni hiyo hiyo. Vipi mimi nikimpigia bibi Unguja sisikii maneno ya jirani?" Sikuwa na jawabu. Mimi ni muuguzi, si fundi wa minara. Nikaenda kusoma, na leo nakuleteeni nilichokielewa.

Chukueni mfano wa nyumba iliyojaa wageni siku ya Idi. Kila wawili wanataka kuzungumza bila ya kuingiliwa. Wafanyeje?

Njia ya kwanza, kila wawili wapewe chumba chao. Redio zinafanya hivyo: kila stesheni ina masafa yake, nawe unageuza mpaka ufike chumba unachokitaka. Lakini vyumba vinakwisha upesi.

Njia ya pili ni zamu. Simu za 2G zinatumia hii, na jina lake ni TDMA. Kila chaneli inagawiwa zamu 8. Zamu moja haifiki hata elfu moja ya sekunde, na simu yako inapata zamu zaidi ya mara 200 kila sekunde. Inaibana sauti yako, inaitupa kwa haraka, inanyamaza, inangoja tena. Bibi hajui kama kuna watu wengine saba wanapokezana nawe.

Njia ya tatu nyinyi mnaijua kuliko watoto wengi duniani. Wote wakae majlis moja na wote waseme kwa pamoja, lakini kila wawili kwa lugha yao. Baba na ami wanasema Kiarabu, jirani Kibaluchi, wageni wengine Kimalayalam, na bibi pembeni anasema polepole, "Njoo mwanangu, chai inapoa." Wewe unamsikia yeye tu. Kelele nyingine zote sikio lako linaziacha zipite. Hiyo ndiyo CDMA, iliyotumika katika simu za 3G: kila simu ina msimbo wake, na mnara unautambua. Sharti moja tu, asiwepo wa kupiga kelele. Mmoja akipiga kelele, lugha zote zinazama. Kwa hiyo mnara wa 3G unaiambia kila simu ipunguze au iongeze nguvu, mara 1,500 kwa sekunde. (Laiti ningekuwa na kifaa hicho darasani.)

4G inaitwa OFDMA. Masafa yanakatwa vipande vyembamba kama halua, na mnara unagawa upya kila mara: anayetazama video anapata vipande vingi, anayetuma meseji kidogo.

Sasa, ndani ya zamu au kipande hicho simu inapeleka nini? Inapeleka 0 na 1 tu, zinazoitwa biti. Kuzipandisha biti juu ya wimbi la redio ndiko kunakoitwa modulesheni. Ijaribuni nyumbani usiku, kwa tochi na ukuta wa uani. Mulika pembe moja ya ukuta. Juu kushoto ni 00, juu kulia 01, chini kushoto 10, chini kulia 11. Kila ukimulika mara moja umepeleka biti mbili. Mama aliyekaa mbali aziandike.

Halafu chora kwa chaki madoa 16 ukutani, mistari minne ya madoa manne. Sasa kila mmuliko mmoja unabeba biti nne, kasi imekuwa maradufu. Lakini mwambie mama arudi nyuma mpaka mlangoni. Ataanza kukosea, kwa sababu madoa yamekaribiana. Pembe nne angeziona hata kutoka barabarani. Wa darasa la juu andikeni majina: ya pembe nne ni QPSK, ya madoa 16 ni 16-QAM.

Simu inafanya vivyo hivyo. Karibu na mnara mjini Nizwa inatumia madoa mengi, 64 au hata 256. Ukiingia bondeni Wadi Bani Khalid, milima inakuziba, inarudi kwenye pembe nne. Inakwenda polepole, lakini haikosei. Video inakwama, meseji inafika.

Wazazi, hapa nazungumza nanyi. Sote tunakumbuka Gonu, Juni 2007. Na Aprili 2024, huku kwetu Sharqiyah Kaskazini, wadi ilichukua watoto wa skuli. Usiku mmoja wa mvua nilikuwa zamu ya usiku kazini, na binti yangu alikuwa ananipigia. Alipiga mara kumi na moja, hata moja haikuingia. Ikaingia meseji: "Mama tuko kwa mama mkubwa, wadi imejaa, hatuvuki, usije." Nilikaa chini nikalia, kisha nikarudi kwa wagonjwa.

Simu ya sauti inataka zamu yake muda wote unaozungumza, na mji mzima ukipiga kwa pamoja zamu zinakwisha. Meseji ya kawaida, si ya WhatsApp, katika 2G inapita njia ndogo ambayo mnara unatumia kuzipa simu amri. Isipomkuta mtu inawekwa, ikajaribiwa tena. Kwa hatari ya roho pigeni 9999. Kwa kuwaarifu jamaa, andikeni, muiache njia kwa mwenye dharura.

Na jambo moja lililonifurahisha: meseji moja inachukua herufi 160 za Kiswahili chetu, lakini za Kiarabu 70 tu.

Kazi ya nyumbani: andika meseji ya siku ya mvua kwa mama au baba. Iseme uko wapi, uko na nani, na njia gani imefungwa. Isizidi herufi 160, nafasi zihesabiwe. Njooni nazo Jumamosi, na chaki mzirudishe.