Kabla Hujafungwa Kamba Moja na Mtu

Wadogo zangu, barua zenu za milimani zimefanana siku hizi. Mmoja amefika Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4985, ameviona vilele vya Batian na Nelion vimesimama hapo ng'ambo, na tangu siku hiyo halali. Mwingine ametoka Uhuru kule Kilimanjaro, halafu rafiki yake akamtumia picha za kilele cha Margherita, watu wamefungwa kamba juu ya barafu. Swali ni lilelile: dada, naweza? Na nitafute kampuni gani?

Kuweza, wengi wenu mnaweza. Jina la kampuni sikupi, kwa sababu kampuni ina tovuti na gari, na huko juu hakuna hata kimoja kitakachokushika ukiteleza. Atakayekushika ni mtu mmoja aliye upande wa pili wa kamba yako. Huyo ndiye wa kumtafuta, na wengi wenu mnalipa nusu ya fedha kabla hamjajua hata jina lake.

Kwanza tuelewane tunazungumzia safari ya namna gani. Kilimanjaro kwa njia za kawaida ni kutembea, na Lenana pia. Baridi ipo, kichwa kinauma, lakini miguu yako inakupeleka. Nelion, mita 5188, ni ukuta. Unatoka Austrian Hut usiku, unafika chini ya mwamba kukipambazuka, kisha mnapanda kwa mafungu ya kamba, karibu 20: mwongozaji anatangulia, anaweka vyuma vyake kwenye nyufa za mwamba, anajifunga, ndipo anakuita wewe. Na njia ile mliyopanda ndiyo mtakayoshuka kwa kamba, mmechoka, mara nyingi ukungu umeshaingia. Margherita kule Rwenzori, mita 5109, ina sura nyingine kabisa. Siku kadhaa unakanyaga matope ndani ya gambuti, na hapo kwenye kibanda cha Elena, mita 4541, ndipo unavaa buti ngumu zenye vyuma vya miiba chini, unashika shoka la barafu, mnafungana kamba, mnatoka gizani kuelekea barafuto, yaani mto wa barafu.

Katika safari ya kutembea, mwongozaji akiwa dhaifu, safari inakuwa mbaya. Katika safari ya kamba, mwongozaji akiwa dhaifu, mnakufa wawili. Nalisema wazi kwa sababu nawapenda.

Ukisoma historia ya Mlima Kenya utaambiwa wa kwanza kufika Batian alikuwa Halford Mackinder, Mwingereza, mwezi Septemba 1899. Ukisoma ya Rwenzori utaambiwa wa kwanza kufika Margherita alikuwa Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, mwezi Juni 1906. Ni kweli. Lakini tazama majina yaliyoandikwa pembeni. Mwaka 1899, mbele ya Mackinder walikuwapo César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji kutoka Courmayeur chini ya Mont Blanc, kule Alps. Wao ndio waliochonga ngazi kwenye barafu iliyokuwa ngumu mno hata ikaitwa Almasi. Mwaka 1906, kwenye kamba ya Margherita, yumo Joseph Petigax, na pamoja naye wamo Ollier na Brocherel walewale. Vilele viwili vikubwa vya Afrika Mashariki vilifunguliwa na mikono ya watu walewale wawili, na ni wachache wanaowakumbuka. Mimi nawakumbuka kila ninapoona mtu anabishana bei ya mwongozaji huku amevaa koti la fedha nyingi.

Kazi hiyo ina kumbukumbu chungu pia. Mwezi Agosti 1820 mtaalamu mmoja, Dakta Joseph Hamel, alipanda Mont Blanc na kundi la waongozaji wa Chamonix. Hali ya hewa ilikuwa imewazuia, theluji mpya imeshuka. Inasimuliwa kwamba waongozaji walitaka kurudi na yeye akashikilia waendelee. Poromoko la theluji likawabeba, na waongozaji watatu wakazikwa ndani ya ufa wa barafu. Mabaki yao yalianza kujitokeza chini kabisa ya barafuto mwaka 1861, baada ya barafu kuwasafirisha taratibu kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka uliofuata ajali, 1821, waongozaji wa Chamonix wakaunda chama chao, na chama hicho kipo mpaka leo.

Nimewasimulia hayo kwa sababu fedha unayolipa inanunua uamuzi wa mtu. Ananunuliwa ili aseme twende, na ananunuliwa zaidi ili aseme turudi. Mteja anayesukuma, anayesema nimelipa, nimeomba likizo, nimeshawaambia watu nitafika, anaharibu kile kitu hasa alichokilipia. Kwa hiyo mtafute mtu ambaye akikwambia turudi utageuka bila kununa.

Utamjuaje? Mpigie simu. Usiongee na mtu wa ofisini peke yake, omba kuongea na yule atakayekuwa mbele ya kamba. Muulize mara ya mwisho alipanda njia hiyohiyo lini, na hali ya barafu aliikutaje. Muulize ni wateja wangapi atawafunga kamba. Kwenye ukuta wa Nelion, mwongozaji mmoja na wateja wawili ndio mwisho, na ukisikia watatu au wanne, shukuru, aga, tafuta mwingine. Muulize saa ngapi atageuka hata kama kilele kinaonekana. Mwongozaji mzuri ana saa hiyo kichwani, anaitaja mara moja. Halafu muulize lini aligeuza wateja na kwa nini. Anayekwambia wateja wake wote hufika kileleni, huyo mwache.

Vyeti navyo vina maana. Shirikisho la kimataifa la waongozaji wa milima lilianzishwa mwaka 1965, na beji yake hupatikana baada ya miaka ya mafunzo na mitihani ya mwamba, barafu na theluji. Ukienda Alps, uliza beji. Huku kwetu utakutana zaidi na watu waliokulia chini ya mlima wenyewe, wenye vibali vya hifadhi: Shirika la Wanyamapori la Kenya ndilo linalosimamia Mlima Kenya, na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda inasimamia Rwenzori. Miongoni mwao wapo mafundi wa ajabu. Ila fahamu kwamba kibali cha kuongoza watembeao hakimfanyi mtu kuwa fundi wa kamba. Kuna vifurushi ambamo yule kaka mwema aliyekufikisha Lenana ndiye anayeandikwa pia kwa Nelion. Uliza mara mbili.

Na wewe usiende kama mzigo. Kabla hujalipa mlima, lipa siku za mwamba wa chini. Wakenya mna Lukenya na Hell's Gate. Jifunze kufunga fundo la nane mpaka ulifunge gizani na glovu mkononi. Jifunze kumshikia mwenzako kamba, kwa maana yule mwongozaji akitangulia, maisha yake yako mikononi mwako. Zaidi ya yote jifunze kushuka kwa kamba ukiwa na fundo la akiba linaloshika mikono ikikuachia. Watu wanaufanyia mazoezi upandaji, kumbe hatari kubwa inawangoja kwenye kushuka.

Juu ya barafu kuna adabu zake. Kamba kati yako na wa mbele isilegee ikaburutika chini, wala usiivute kama ya kuanikia nguo. Barafuto inatambaa polepole kuteremka, inapopinda inapasuka, na theluji hufunika zile nyufa ukadhani ni ardhi. Kamba ikiwa sawa, ukizama unazama mpaka kiunoni. Ikiwa imelegea, unakwenda mbali kabla mtu hajakuhisi. Usiikanyage kwa vyuma vyako. Na usimsogelee mwenzako ili mpige picha mkiwa hamjaambiwa mahali ni salama.

Mnaniuliza kwa nini mnaamshwa saa nane usiku. Baridi ya usiku hugandisha kila kitu, mawe yakashikwa. Jua likichomoza theluji inalainika na mawe yanaanza kushuka. Siku hizi hilo limezidi. Barafu ya Lewis, inayolala chini ya Nelion, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na mahali ilipoondoka imeacha vifusi vilivyolegea. Maelezo ya njia yaliyoandikwa zamani yanakupitisha juu ya barafu ambayo haipo tena, ndiyo maana nasema muulize mtu aliyepita hivi karibuni. Msimu nao uuzingatie: Mlima Kenya uko karibu kabisa na Ikweta na jua huhama upande kwa msimu, hivyo upande wa kusini wenye njia ya Nelion hukauka vizuri kuanzia mwisho wa Desemba hadi mapema Machi, na uso wa kaskazini wa Batian ni wa Julai hadi Septemba.

Sasa ya kwetu wasichana, ambayo kampuni haziyaandiki. Nywele: rasta nyingi zilizofungwa fundo juu ya utosi hazikuruhusu kuvaa helmeti, inakaa juu juu na jiwe likija haikusaidii. Suka mistari ya kulala kuelekea nyuma, malizia chini shingoni, na uingize ncha ndani ya nguo. Nywele zinazoning'inia hunaswa kwenye chuma cha kushukia, na hapo ni kisu tu. Anayevaa hijabu, chagua kitambaa chembamba kinachobana kichwa, usiache ncha. Rangi ya kucha itoe, kwa sababu inaweza kuvuruga kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. Mikanda mingi ya kupandia hufunguka nyuma ya mapaja bila kuondoa ule wa kiunoni. Jifunze nyumbani, ili haja isikufanye ujivue usalama wako, wala usiache kunywa maji. Weusi wetu hautukingi na jua linalorudi kutoka kwenye barafu: paka mafuta ya jua mpaka chini ya pua, na miwani isitoke usoni. Hema utalala na nani? Ulizeni mkiwa bado mjini, mpate jibu la maandishi. Mwongozaji anaposhika mkanda wako kuukagua, anakwambia kwanza. Asiyesema, mwambie aseme, na akichukia umemjua mapema.

Mwinuko nawaambieni kwa kifupi. Ukivuka mita 3000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukohoa ukiwa umepumzika, shuka, usiku huohuo ikibidi. Usimfiche mwongozaji kichefuchefu ili asikurudishe.

Bima isome neno kwa neno, maana nyingi zinakataa safari inayotumia kamba. Na uokoaji ukutani si jambo dogo: mwezi Septemba 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu akitoka Batian. Ilichukua zaidi ya wiki kumfikisha chini, waokoaji wakasafirishwa kutoka Innsbruck, na rubani wa helikopta iliyokuja kusaidia alikufa ilipoanguka. Leo uokoaji umekuwa bora, lakini ukuta ni uleule.

Na nyumbani useme. Najua kuna mama atakayelia, na baba atakayeuliza barafu unaitafutia nini. Waambie hata hivyo. Mwachie mtu mmoja karatasi yenye jina la mwongozaji na namba yake, njia mnayopita, siku mnayotarajiwa getini, na saa ambayo ikipita bila habari apige simu hifadhi. Kisha mpigie mwongozaji, umsomee karatasi hiyo, akurekebishe palipokosewa.