Pwani Ambako Mti Ulitoa Ushahidi

Leo tunakwenda mbali na kwetu. Chukueni ramani ya dunia. Tazameni nchi ya Kanada, upande wa magharibi, pale inapogusana na Bahari ya Pasifiki. Jimbo hilo linaitwa British Columbia.

Ukiipima pwani hiyo kwa mstari ulionyooka, haifiki kilomita 1,000. Lakini ukifuata kila ghuba na kila kisiwa, utapata zaidi ya kilomita 25,000! Kwa nini? Zamani sana barafu nene ilishuka kutoka milimani, ikachimba mabonde marefu. Ilipoyeyuka, bahari ikaingia mabondeni. Ndiyo maana milima imesimama wima majini. Pa kulima ni haba, na pa kupitisha barabara ni taabu. Mawingu ya baharini hupanda milima hiyo na kumwaga mvua. Mji wa Prince Rupert hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Basi msitu umeota mpaka ukingoni mwa maji.

Watu wanaishije huko? Njia yao ni bahari. Hakuna barabara ya gari inayofika kijiji cha Hartley Bay, cha kabila la Gitga'at. Hata njia za kijijini ni za mbao, zimeinuliwa juu ya tope. Usiku wa tarehe 22 Machi, 2006, meli yenye watu 101 iligonga kisiwa cha Gil, karibu na hapo, ikazama. Wanakijiji waliposikia mwito wa hatari redioni, walitoka gizani na mashua zao kwenda kuwaokoa. Watu 99 walipona, wawili hawakuonekana tena.

Chakula kikubwa cha pwani hiyo ni samaki aitwaye samoni. Huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga na kufa. Dubu humvua na kumburuta mpaka msituni, humla nusu na kumwacha. Mabaki yakioza yanakuwa mbolea. Wataalamu wamepima miti na kukuta ndani yake naitrojeni iliyotoka baharini. Kumbe samaki naye hulisha msitu!

Lakini mti wenyewe ndio tunaotaka kuueleza. Ni mwerezi mwekundu. Huweza kuishi zaidi ya miaka 1,000, na ubao wake hauozi upesi. Mtu akitaka mtumbwi, huangusha mwerezi mmoja na kuchonga gogo. Kisha hulijaza maji na kutumbukiza mawe ya moto. Mvuke hulainisha mbao, na ubavu wa mtumbwi hutanuliwa polepole.

Kwa mahitaji mengine, si lazima kuuangusha mti. Wanawake hukata gome kidogo chini ya shina, hulishika na kulivuta juu, likachunika kama utepe mrefu. Hawachuni kuzunguka shina lote, maana mti ungekufa. Gome la ndani husokotwa kamba, au husukwa mikeka na kofia. Wanaume nao walipasua mbao za nyumba kwa kabari kutoka kwenye mti uliosimama. Mti uliendelea kuishi, na kovu likabaki shinani. Ukihesabu pete za mti utajua kovu ni la mwaka gani.

Sasa sikilizeni. Karibu na mji mdogo wa Tofino kuna kisiwa cha Meares, cha watu wa Tla-o-qui-aht na Ahousaht. Kampuni ya mbao ilipewa haki ya kukata miti hapo. Kwa serikali ya jimbo, msitu ule ulikuwa mali yake. Mwaka 1984 watu wa Tla-o-qui-aht walikitangaza kisiwa kuwa hifadhi ya kabila. Mwezi Novemba wakataji walipofika kwa mashua, wenyeji walikuwa wanawangoja ufukweni. Mkuu wao, Moses Martin, aliwaambia kwamba wao ni wageni na wanakaribishwa, ila misumeno waiache mashuani. Wakazi wa Tofino wengi waliwaunga mkono. Na wao walikuwa na lao: maji yao ya kunywa hutoka kwenye vijito vya Meares, yanapita katika bomba chini ya bahari. Msitu ukifyekwa, maji yangekuwaje?

Shauri lilifika mahakamani. Wazee wa kale hawakuacha hati ya shamba wala risiti. Waliacha makovu kwenye mierezi, na baadhi yake ni ya kabla ya mzungu kufika pwani ile katika miaka ya 1770. Makovu hayo yalipelekwa mahakamani kama ushahidi. Machi 1985 mahakama ya rufani iliamuru ukataji usimame mpaka kesi ya ardhi isikilizwe. Kesi hiyo haikufika kwenye hukumu ya mwisho, na mierezi bado imesimama. Wageni huvuka kwa mashua kwenda kuitazama, wakitembea juu ya njia ya mbao.

Jadilini katika kikundi chenu: Kijijini kwenu, ni alama gani zinazoonyesha wazee walitumia mahali fulani? Je, ni nani anayezijua?