Jani Lina Madoa: Usikimbilie Dawa ya Pamba



Mama mmoja alikuja zahanati akiwa na mtoto mgongoni na jani la mchicha mkononi. Mtoto alikuwa akitokwa na mate mengi na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, na ametapika mara tatu. Jani lilikuwa na madoa. Mama aliamini kuwa mtoto amekula ugonjwa wa mchicha. Tulipozidi kuuliza, tukaambiwa kuwa juzi yake baba alinyunyizia bustani dawa iliyobaki ya pamba ili kuyaponya madoa hayo. Mtoto alikimbizwa hospitali siku ile ile, akapona.

Ugonjwa wa jani haumwambukizi mtu. Jani lenye doa ukate sehemu mbovu, uoshe, upike, na watoto wale. Mboga za majani huwakinga wasishindwe kuona jioni na huwaongezea damu. Sumu ya wadudu ndiyo iliyomwangusha yule mtoto. Ndiyo sababu somo hili la bustani limewekwa katika safu ya afya.

Jambo la kwanza ni kuligeuza jani. Watu wengi hutazama upande wa juu tu, na mwenye ugonjwa amejificha chini. Jani la mama yule lilikuwa na madoa ya manjano juu, na chini vilengelenge vyeupe kama chokaa. Hiyo ni kutu nyeupe, ugonjwa wa jamii ya ukungu, unaopenda tuta lililosongamana na lenye unyevu mwingi. Dawa ile ya pamba ni ya kuua wadudu. Haiuguzi ukungu hata kidogo. Baba alikuwa amewatilia wanawe sumu katika mboga, na kutu ikabaki pale pale. Angeng'oa miche yenye madoa, akapunguza msongamano, akamwagilia asubuhi chini ya shina badala ya kuyalowesha majani jioni, angefanya kazi kubwa zaidi bila kutoa hata senti moja.

Ukigeuza jani ukakuta vijidudu vidogo vimejazana na jani limejikunja, hao ni vidukari. Hupenda sana sukuma wiki na kunde. Waponde kwa vidole wakiwa wachache. Wakizidi, nyunyizia maji yenye sabuni kidogo, jioni, upande wa chini wa jani. Jaribu kwanza kwenye majani machache, maana sabuni ikizidi huunguza. Wakati wa kiangazi, ukiona vitone vyeupe vingi juu na utando mwembamba kama wa buibui chini, huyo ni utitiri. Hupenda vumbi na ukavu, hivyo maji yakirushwa kwa nguvu upande wa chini humpunguza.

Kwenye nyanya, tazama majani ya chini kwanza. Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara ni bakajani. Ondoa majani hayo, uyachome au uyafukie mbali, na mwaka unaofuata usirudishe nyanya wala bilinganya mahali pale. Lakini kama majani ya zamani yamekuwa manjano yote sawasawa, bila doa lolote, usitafute ugonjwa: mara nyingi mmea una njaa. Upe samadi iliyooza vizuri. Sisi Wasukuma hatukosi samadi.

Muhogo una shida yake. Jani lililojikunja na kuwa na mabaka ya kijani na manjano lina batobato, ugonjwa ulioandikwa kutoka Usambara tangu mwaka 1894. Huenezwa na inzi weupe na pia na sisi wenyewe, tunapopeana vipande vya mbegu. Hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuupata. Ng'oa, na bwana shamba akuelekeze mahali pa kupata mbegu safi.

Sasa turudi kwenye sumu. Wengine husema, "Nitaosha." Ziko dawa zinazoingia ndani ya jani lenyewe, na hizo hazitoki kwa maji wala kwa chumvi. Usidhani pia kuwa kuanika nsansa juani kunaiondoa. Kibandiko cha chupa hutaja mimea inayoruhusiwa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda haina kibandiko, basi usiinunue. Kama shamba la pamba limepakana na bustani, jirani akinyunyizia siku ya upepo, mboga zako nazo zimepata. Na jani zuri lisilo na doa si lazima liwe salama: usimwagilie bustani kwa maji yaliyotoka kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, kwa sababu zebaki haionekani kwa macho.

Mtu akionyesha dalili kama za mtoto yule, au akitetemeka na kubanwa kifua, mvue nguo zilizopata dawa na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Anayeosha asijipake dawa hiyo mikononi. Usimtapishe. Usikae ukisubiri maziwa yafanye kazi, maana maziwa si dawa ya sumu hii. Mlete upesi, na chupa uje nayo, kwani jina lililoandikwa pale hutusaidia kujua tiba.

Kazi ya kikundi: Kabla ya kukutana tena, kila mmoja alete majani matatu yenye kasoro kutoka bustanini kwake. Yageuzeni pamoja na mseme lipi lina wadudu, lipi lina ukungu, na lipi lina njaa tu. Kisha kila mmoja aeleze dawa ya pamba iliyobaki nyumbani kwake imewekwa wapi, na kama mtoto anaweza kuifikia.