Dondoo Muhimu: Kijani Kipi Kwa Chumba Chako?

Usiamue ukiwa dukani. Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, vyumba vingi vimebanana, dirisha ni moja dogo au hakuna, na taa huwashwa hata mchana, kwa hiyo rangi haitaonekana kama ulivyoiona dukani. Nunua kiasi kidogo cha kila kijani kati ya viwili unavyovifikiria, paka vipande viwili vya katoni, kila kimoja mara mbili, kisha subiri vikauke kabisa. Rangi ya maji ikikauka kwa kawaida hukolea.

Viegemeze ukutani. Vitazame asubuhi mlango ukiwa wazi, na tena usiku: balbu ya manjano huvuta kijani kuelekea umanjano, nyeupe hukifanya kionekane baridi. Ukibaki njia panda, chukua kisichokolea sana. Chumba kitapata mwanga.

Karibu na jiko ningepaka rangi ya mafuta. Juu yake masizi hufutika kwa kitambaa na sabuni.