Upele wa Surua Ukififia, Endelea Kumwangalia Mtoto

Surua huanza kwa homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu. Baada ya siku chache upele hutokea nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka mwilini. Ukianza kufifia, wazazi wengi huona yamekwisha na kurudi shambani. Msiondoke bado.

Kwa wastani, mtoto mmoja kati ya 1,000 wanaougua surua huvimba ubongo, mara nyingi ndani ya wiki moja tangu upele utoke. Homa iliyokwisha shuka hupanda tena. Mtoto hulalamika kuumwa kichwa, hutapika, husinzia na kuwa mgumu kuamka, huweweseka au hupata degedege. Wengine hufa, wengine hupona wakabaki na kifafa, uziwi au uzito wa kujifunza.

Akipata degedege, mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, usimfukize. Mpeleke zahanati mara moja hata kama limekoma. Wahudumu ndio wataamua kama apelekwe hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa wa Simiyu, Bariadi. Yapo maneno ya siku nyingi kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Si kweli; kinachoua ni ugonjwa uliocheleweshwa nyumbani. Bibi anayeyashikilia maneno hayo hana nia mbaya. Zungumzeni naye mapema, wakati watoto ni wazima.

Ipo athari nyingine, adimu lakini nzito. Kirusi hujificha ubongoni miaka 7 hadi 10 hivi, hasa kwa aliyeugua kabla ya kutimiza miaka miwili. Mwanafunzi aliyekuwa mwepesi darasani huanza kusahau, tabia hubadilika, viungo hushtukashtuka. Majirani watasema karogwa. Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuponya, na kinga yake ni kutougua surua kabisa.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa bure mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika: mama keshaacha kliniki, palizi ya pamba imebana, au familia imehama na ng'ombe kutoka Meatu au Itilima. Mkihama, bebeni kadi, mwulizie zahanati ya huko mnakofikia. Kama kadi imepotea, nendeni hivyohivyo.