Mlonge: Kuupanda, Kukausha Majani Yake, na Habari ya Ugonjwa wa Sukari

Mkulima mwenye mlonge ana mboga karibu na mlango hata wakati wa kiangazi. Asili ya mti huu ni kaskazini ya Bara Hindi. Hupenda joto na udongo usiotuamisha maji, maana maji yakisimama mizizi huoza. Fukia mbegu kiasi cha inchi 1. Kwa kawaida huota baada ya juma moja au mawili. Mti ukifika futi 3, kata kilele chake upate kuchipua matawi. Asiyekata atapata mti mrefu kama mlingoti, na majani asiyoweza kuyafikia.

Kazi kubwa ni kukausha. Osha majani, yakung'ute maji, uyatandaze juu ya jamvi safi kivulini penye upepo, na kuyageuza mara kwa mara. Usiyaanike juani. Jua kali huharibu kile kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Yakiwa makavu hata kuvunjika mkononi, yatwange, uchekeche unga, utie katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Majani haya yana pia vitu vinavyozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni. Kata bilinganya uiache wazi: itakuwa nyeusi. Ipake maji ya limau, na weusi utachelewa. Kazi yake yafanana na hiyo. Lakini kinachoonekana katika bilinganya, au katika chupa ya maabara, si ushahidi kwamba mgonjwa atapona.

Wako wauzaji wasemao kwamba unga wa mlonge huponya ugonjwa wa sukari. Si kweli. Katika majaribio mengi, panya waliopewa maji ya majani haya walipungukiwa na sukari katika damu. Kwa watu majaribio ni machache na madogo, na matokeo yake hayalingani. Kweli, hata dawa ya hospitali iitwayo metformini ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya, galega. Lakini ile kemikali ilitengenezwa ikiwa safi na kupimwa, ndipo daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Kijiko cha unga hakina kipimo cha namna hiyo. Nguvu yake hubadilika kwa udongo, kwa umri wa majani na kwa jinsi yalivyokaushwa.

Basi mwenye sukari na ale mlonge kama mboga, lakini dawa zake asiziache. Wako wagonjwa ambao wakiacha sindano za insulini huweza kufa kwa siku chache tu. Na anayetaka kuongeza unga juu ya dawa amwambie kwanza mganga wa zahanati, kwa sababu sukari yaweza kushuka mno. Akitetemeka, akitoka jasho na kuona kizunguzungu, apewe upesi maji ya sukari, maadamu aweza kumeza, kisha apelekwe zahanati.

Mizizi na magamba usiyachimbe wala kuyachemsha. Yana sumu, na kwa mwanamke mjamzito yaweza kuharibu mimba.